Kiti cha Mstari wa Mbele

Mwavuli ulikuwa na kosa moja tu, rangi. Mwenyewe aliununua kwa sababu ulikuwa mpana, kitambaa chake kizito hakikupitisha jua hata chembe, na siku aliyoununua hakuna aliyemwambia kwamba waridi ni rangi ya chama pinzani. Sasa alisimama kwenye lango la uwanja akiwa ameukunja kwapani, na Katibu wa chama wa kata alimtazama kama mtu aliyeingia msibani na ngoma.

"Kivuli, unataka kunifukuzisha kazi?" Katibu alisema. "Mgombea anapanda jukwaani, anatupa macho chini, anaona waridi. Katikati ya watu wangu!"

"Nitakaa nyuma kabisa, Katibu. Hataniona."

"Kamera zitakuona. Uache hapo ukutani, hakuna atakayeuiba. Nani auibe aonekane nao leo?"

Wanawake waliokuwa kwenye foleni walicheka. Kivuli naye alicheka kidogo, maana mtu akichekwa na kikundi chake akakaa kimya huambiwa amenuna, kisha akauegemeza mwavuli ukutani na kuingia kichwa wazi.

Angeweza kurudi nyumbani, lakini Katibu ndiye aliyekuwa na funguo za karakana ya ushonaji ya kata, yenye cherehani kumi na mbili na wanawake zaidi ya thelathini wanaosubiri mshonaji mmoja aachie nafasi. Ndiye pia aliyekuwa na daftari la mahudhurio. Msimu ule wa kampeni alikuwa ametangaza kwamba atakayekosa mikutano mitatu atafungasha uzi wake aende zake. Kivuli alikuwa amekosa miwili.

Mara zote mbili alikuwa kitandani. Maradhi yake yalikuwa na jina refu ambalo daktari wa kliniki aliliandika na hakuna nyumbani aliyeweza kulitamka. Alielezwa kwamba kinga ya mwili wake imewageuka wenyeji, inaupiga mwili wenyewe badala ya kupiga wadudu, na kwamba jua ndilo linaloichokoza. Akishinda juani leo, kesho viungo vinavimba, homa inapanda, vidole havifungi hata kifungo cha shati. Keshokutwa yake anaonekana mzima, mrefu, mnene wa kiasi, ngozi inang'aa. Hapo ndipo taabu ilipokuwa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na Kivuli alikuwa maiti anayependeza. Jina lenyewe alipewa na wenzake wa karakana kwa kuwa mchana hutambaa na kuta akitafuta mahali pasipo jua. Walimwita hivyo kwa mzaha, na mzaha ulipokomaa ukawa ndilo jina.

Uwanjani palikuwa na maturubai mawili. La kwanza lilikuwa la wakubwa. La pili, dogo, lilikuwa na kibao kilichoandikwa kwa mkono: WENYE ULEMAVU NA WAGONJWA. Kivuli alilitazama jua, akahesabu saa nne za hotuba, akaenda chini ya turubai dogo kama mtu anayeingia nyumba ya wenyewe bila hodi.

Pale alimkuta Soli, fundi viatu anayekaa mlangoni mwa karakana. Miguu ya Soli ilikauka tangu utotoni. Alitembea kwa mikono, kandambili amezivaa viganjani, na makalioni amefunga kipande cha tairi kwa mkanda.

"Dada Kivuli! Umekuja kutazama wagonjwa au umelazwa?"

"Nimekimbia jua."

"Jua la leo lina kadi ya chama, halikimbiwi." Alijivuta, akapiga benchi kwa kiganja. "Usikae huko mwisho, saa nane litakufikia. Njoo hapa kwangu, jua na mimi tumezoeana."

Akampisha. Kivuli alikaa alipokuwa Soli, na Soli akahamia alipotaka kukaa Kivuli. Mzee mmoja mwenye magongo, nyuma yao, alisema si kwa sauti ndogo: "Mtu mzima kama mlingoti, anakuja kujaza nafasi za watu." Kivuli alijifanya anatafuta kitu mkobani. Alikuwa na kadi ya kliniki humo, ingemtosha kuitoa, lakini hajawahi kuona mtu akionyesha kadi ya ugonjwa akaondoka na heshima.

Saa nane na nusu, mgombea alipomaliza ahadi za maji na barabara, mwenye kipaza sauti alitangaza zawadi. Viti vya magurudumu sita, vipya, bado na nailoni, viliteremshwa kwenye lori. Vijana wenye fulana nyeupe walikuja mbio hadi chini ya turubai dogo, wakaanza kuhesabu kutoka mwanzo wa benchi la mbele, kidole kwa kidole, bila kumtazama mtu. Mmoja, wawili, watatu. Kivuli alikuwa wa sita. Soli alikuwa wa saba.

"Mimi natembea," Kivuli alisema.

Muziki ulikuwa umefunguliwa. Vijana wawili walimshika makwapa, wawili magoti, "pole mama, pole mama," na kabla hajasema tena alikuwa juu ya nailoni. Katibu alifika akiwa anatabasamu kwa meno tu. "Tulia," alimwambia sikioni. "Kamera. Tulia hapohapo." Mgombea aliinama, akamshika mkono, akamwekea kipaza sauti mdomoni.

"Mama, unaumwa tangu lini?"

Ni swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza kwa upole namna ile. Alijibu kweli. "Miaka sita."

"Miaka sita!" mgombea aliugeukia uwanja. "Miaka sita mama huyu hajasimama! Leo ameondoka chini!"

Uwanja ulilipuka kwa vigelegele. Kivuli aligeuza shingo kumtafuta Soli, akamwona anapiga makofi na wengine, kandambili kwa kandambili.

*

Walimrudisha nyumbani kwa gari la matangazo, wakamshusha mlangoni na kiti chake mbele ya mtaa mzima. Mwavuli ulibaki ukutani, hata hakuukumbuka.

Mumewe alikuwa mlinzi wa ghala la saruji, mtu wa maneno machache na usingizi wa mchana. Alitoka amejifunga shuka kiunoni, akakitazama kiti, akamtazama mkewe, kisha akamtazama Katibu.

"Ameanguka?"

"Hajaanguka, shemeji. Amebahatika," Katibu alisema, akaingia ndani bila kukaribishwa na kufunga mlango. Hapo tabasamu likaisha. "Sasa nisikilizeni. Picha imeshasambaa, kwenye simu za watu ipo. Baada ya siku kumi na moja mgombea anarudi kufunga kampeni, na wale sita watakaa mstari wa mbele. Mpaka siku hiyo, dada, usionekane umesimama."

"Lakini majirani wananiona natembea kila siku."

"Ugonjwa umepanda, miguu imekataa. Kwani huumwi?"

"Naumwa."

"Basi mimi sijakwambia udanganye. Umwa tu, kama unavyoumwa, ila kwa kukaa. Kwenye daftari nitakuwekea alama kila siku. Cherehani yako hakuna atakayeigusa. Uchaguzi ukipita, utapona taratibu."

Mume alikohoa. "Na akikirudisha leo?"

"Akirudishe aseme nini? Kwamba mgombea amedanganywa mbele ya watu elfu tano, na mtu wa kata yangu?" Katibu alisimama, akajipangusa gauni kana kwamba nyumba ina vumbi. "Wapo thelathini wanaoitaka nafasi yake, shemeji. Thelathini, na wote wanatembea."

Alipotoka, mume na mke walikitazama kiti katikati ya chumba. Kilikuwa kimejaa nafasi yote kati ya meza na kitanda.

"Siku kumi na moja si nyingi," mume alisema mwishowe.

"Hiki ni cha Soli."

"Tutampa. Uchaguzi upite tu, tutampa."

*

Jambo lililofuata ndilo Kivuli alilolionea haya kuliko yote, na hakumwambia mtu hata baadaye. Lilimpendeza.

Miaka sita alikuwa amesimama kwenye foleni ya kliniki, mguu huu ukichoka anahamia ule, na akijaribu kukaa kwenye kona ya benchi, kuna mtu aliyemwambia, "Dada, wapishe wagonjwa." Sasa binti yake wa miaka kumi na minne alimsukuma hadi pale na foleni ikapasuka yenyewe. Muuguzi aliyezoea kumkaripia alimwita mama. Majirani waliokuwa wakisema anajidekeza walikuja na pole zao. "Kumbe ulikuwa unaumwa kweli!" mmoja alimwambia, machozi yakimlenga. "Tusamehe, mwenzetu. Sisi tuliona ni uvivu." Kadi ya kliniki, dawa, homa, vyote hivyo kwa miaka sita havikuwahi kuwashawishi. Kiti kiliwashawishi kwa siku moja.

Na mume, yule aliyekuwa akirudi kutoka lindo na kuuliza, "Hata vikombe vimekushinda?", sasa alivaa khanga ya mkewe begani na kuosha vikombe. Alifua. Jioni moja alimkanda vidole kimoja kimoja, akasema, "Mikono yako ina moto." Mikono ile ilikuwa na moto miaka yote. Kivuli alimwachia aikande, akageuza uso ukutani.

Alilala mchana. Hakuinama juu ya sketi za shule kutwa nzima. Siku ya sita uvimbe wa magoti ulishuka, na ya saba alishuka usiku kwenda kujisaidia bila kushika ukuta. Mwili haukujua kwamba unapumzika kwa uongo, ulipumzika tu.

Kitu kimoja tu hakikumwachia raha. Nyumba yao ilikuwa njiani, kati ya chumba cha Soli na karakana. Kila asubuhi, saa moja kasoro, alisikia kandambili zikipiga changarawe, pa, pa, zinakuja, zinafika usawa wa dirisha. Siku ya pili zilisimama hapo dirishani. Kivuli alikuwa amekaa karibu, pazia wazi, akinywa chai. Alinyoosha mkono akalivuta pazia polepole. Kisha pa, pa, zikaenda. Tangu hapo pazia halikufunguliwa asubuhi.

Kila siku alisema atampelekea. Atampelekea jioni, watu wakipungua. Atampelekea kesho. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yake aliiona ndefu kwa sababu alikuwa anasukumwa.

Siku ya tisa binti alimsukuma kwenda dukani. Walipokuwa wanarudi, binti alisimama ghafla.

"Mama, shuleni wameniuliza ukienda chooni nani anakubeba."

"Ukasemaje?"

"Nikasema nakubeba mimi. Mgongoni." Binti hakuja mbele waonane, alibaki nyuma ameshika mipini. "Mwalimu akaniita mbele ya darasa, akasema watoto waige mfano wangu. Wakanipigia makofi."

Kivuli alitafuta neno. Alikuwa mama, kazi yake ilikuwa kuwa na neno.

"Zimebaki siku mbili tu," alisema.

"Najua, mama," binti alijibu, akaanza kusukuma tena.

*

Siku ya kufunga kampeni Kivuli alifikishwa uwanjani mapema. Mumewe alikuwa ameomba ruhusa kazini ili amsukume yeye mwenyewe. Alikuwa amepiga pasi shati. Walipofika karibu na turubai dogo alielekeza kiti huko, lakini kijana mwenye fulana nyeupe alimzuia.

"Wa viti ni mbele, mzee. Chini ya jukwaa."

"Kule ni juani. Jua linamdhuru."

"Chini ya turubai kamera haifiki."

Basi viti sita vilipangwa mstari mmoja juani, na Kivuli akawa katikati, uso umeelekezwa mbinguni kama nguo iliyoanikwa. Saa ya kwanza mashavu yalianza kuwasha. Saa ya pili alihisi vidole vinajaa. Alicheka peke yake, kicheko kidogo kikavu. Ugonjwa wake ulikuwa umepata kila kitu isipokuwa kivuli.

Mgombea alipoanza kuwataja "mashahidi wetu hawa sita", sauti ilitoka katikati ya watu, ya kijana mwenye kifua kipana.

"Huyo wa kati anatembea! Mwezi uliopita nimemwona kabeba furushi la vitambaa kichwani!"

Kicheko kilianza upande mmoja na kuenea. Mtu akasema, "Asimame!" Wengine wakadaka. "Asimame! Asimame!" Walipiga makofi kwa mpigo. Kivuli alifungua mdomo. Maneno alikuwa nayo, aliyafanyia mazoezi siku kumi na moja: mimi ni mgonjwa na ninatembea, yote mawili ni kweli. Badala yake alitazama magoti yake, akayafunika vizuri kwa khanga, kana kwamba hayo ndiyo waliyokuwa wanayadai.

"Mimi namjua!"

Chini ya turubai dogo mkono ulikuwa umeinuliwa, na kiganjani una kandambili. Mwenye kipaza sauti, ambaye jasho lilishamtoka, alimkimbilia.

"Sema, mzee wangu! Unamjua?"

"Namjua. Mwaka wa nne huu, nakaa mlangoni mwa karakana yao kila siku ya kazi." Sauti ya Soli kwenye vipaza sauti ilikuwa nene kuliko mwili wake. "Huyu mama ni mgonjwa. Dawa zake anazificha kwenye kopo la vifungo, anazimeza akijidai anachagua vifungo. Asubuhi nyingine anashindwa kushika mkasi, anausukuma kwa kiganja. Ni mgonjwa kweli. Anayebisha aje kwangu."

Hakusema kama anatembea au hatembei. Hakuna aliyemuuliza pia, kwani asiye na miguu akishashuhudia, mwenye miguu ataanzia wapi? Watu walipiga makofi, safari hii ya heshima, na kijana mwenye kifua akazomewa hadi akainama. Kivuli alisikia kila neno. Miaka minne kuna mtu alikuwa amemwona, na alikuwa ni yule aliyefungiwa pazia.

*

Mkutano ulipovunjika, barabara ilijaa. Mume alisukuma haraka, akitaka wafike. Karibu na daraja walimkuta Soli akienda kwa mikono kando ya lami, kichwa chake usawa wa magoti ya watu, vumbi lote la mkutano likimpitia usoni.

"Simama," Kivuli alisema.

"Tutaongea naye nyumbani."

"Nimesema simama."

Akasimama yeye mwenyewe. Alishika mikono ya kiti, akajiinua, akawa wima katikati ya barabara, mrefu kama alivyo. Watu walisita. Mtu akasema "Eheee!" na simu zikaanza kuinuliwa.

"Soli, kaa wewe. Kiti ni chako. Kilikuwa chako tangu siku ile."

Soli alisimamisha mikono yake. Alimtazama, akazitazama simu, akamtazama tena.

"Ulinisaidia leo," Kivuli aliongeza. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, akitaka yaonekane.

"Sikukusaidia. Nimeulizwa, nikasema ninalolijua."

"Basi kaa, nakuomba. Mbele ya hawa wote."

"Kwa nini mbele ya hawa wote?" Soli aliuliza, na hakuwa na hasira, jambo lililofanya iwe mbaya zaidi. "Siku kumi na moja, dada. Kwangu si mbali. Mimi natembea kwa mikono na nafika."

Kisha, pa, pa, akaendelea na njia yake. Watu walimpisha.

Kivuli alibaki amesimama kando ya kiti kitupu, na mumewe ameshika mipini ya kitu kisicho na mtu. Alikuwa amedhani kusimama ndiko kutakuwa kugumu.

*

Katibu alifika kabla hawajala. Hakukaa.

"Chama kimetukanwa kwa miguu yako," alisema. "Kura ni kesho kutwa. Kesho saa mbili asubuhi nataka kiti ofisini, kimya kimya. Nitasema ulipandwa na homa, ukachanganyikiwa. Ukifanya hivyo, la cherehani tutalitazama. Usipofanya, njoo uchukue uzi wako."

Homa kweli ilikuwa imepanda. Kivuli alikuwa kitandani, mashavu yamewiva, vidole kama ndizi, na kiti kimekaa pale katikati ya chumba.

"Kirudishe," mume alisema Katibu alipotoka. Alisema kwa upole, lakini alikuwa tayari amevaa sare ya lindo. "Soli amekikataa, umesikia mwenyewe. Umeshamtendea haki. Sasa tutendee na sisi."

"Nilimpa mbele ya watu ili nijisikie vizuri."

"Hata kama. Mshahara wangu unaujua."

Aliujua. Binti, aliyekuwa anajidai anasoma mezani, alifungua ukurasa ambao alikuwa hajausoma.

*

Kulipopambazuka, kabla ya saa ya kandambili, Kivuli alitoka. Kila goti lilikuwa na kisu ndani yake. Alikishika kiti kwa mipini na kukisukuma, na njiani alisimama mara tatu kupumzika, mara zote tatu akiwa amesimama. Kukikalia kulimjia akilini. Hakukikalia.

Soli alikuwa mlangoni kwake, akifunga kipande cha tairi kiunoni. Hakushangaa. Alikizunguka kiti kwa macho, akaligusa gurudumu.

"Breki ya kushoto imelegea."

"Mume wangu alikuwa anaivuta sana."

"Nasikia kinatakiwa ofisini saa mbili."

Habari zilikuwa zimemfikia kabla yake. "Watakuja kukichukua hapa wakikitaka," Kivuli alisema.

Soli alifikiri, kisha akacheka, meno yote nje. "Waje. Wamshushe kilema kwenye kiti mchana kweupe, kesho watu wanapiga kura? Nitakaa barabarani niwasubiri." Kicheko kiliisha. "Na cherehani yako?"

"Imekwenda."

Hakusema pole. Alivuta kile kigoda anachokalisha wateja wake, akakisukuma hadi miguuni pa Kivuli.

"Kaa, unaumwa."

Kivuli alikaa. Hakuna aliyekuwa akiwatazama, isipokuwa kuku wa jirani. Alitaka kuomba msamaha na alikuwa ameuandaa njia nzima, lakini Soli alikuwa ameshaingia ndani. Alirudi akiburuta kitu kirefu kilichofungwa kwa kamba ya viatu.

Ulikuwa mwavuli wa waridi. Ubavu mmoja uliovunjika ulikuwa umeshonwa kwa uzi mnene wa viatu, mishono midogo, iliyolingana, ya mtu aliyekuwa na muda.

"Uliusahau langoni siku ile," Soli alisema. "Watu walikuwa wanaukanyaga. Nikaufunga mgongoni nikaja nao. Nilikuletea siku ya pili asubuhi, nikafika dirishani kabisa, nikaona pazia linafungwa. Nikasema, labda amelala."

Alimwekea mapajani.

"Uufungue ukiondoka. Jua linapanda."

Kivuli aliushika kwa mikono yote miwili na hakuweza kuinua macho. Hakuwa amelala, na wote wawili walijua.